Dalali wa Jino la Sita

Jino la tembo lilikuwa limelazwa stooni juu ya magunia ya mahindi, na Romani, dalali wa Majengo, alilipapasa ubavuni kama fahali wa mnadani.

"Hili ni la sita kupita mikononi mwangu," alijigamba.

"La sita?" aliuliza Munira, mnunuzi, mwanamke wa baibui la kung'aa. "Sema kwa sauti, kaka. Mashine ya kusaga ya jirani inapiga kelele."

"La sita, dada. Mpakani wananijua, Namanyere wananijua."

Meshack, muuzaji aliyevuka na mzigo huo kutoka Zambia, naye akasogea. "Na yale matano uliyapata kwa nani?"

Romani akataja watu na vijiji vyao, taratibu, bila kuruka hata kimoja. Alipenda kusikilizwa.

Munira akafungua pochi. Badala ya malipo, akatoa kitambulisho na pingu. "Meshack, uko chini ya ulinzi. Kikosi cha kuzuia ujangili, Tanzania."

Romani akaondoa mkono kwenye jino.

Meshack naye akaingiza mkono kotini, akatoa kitambulisho na pingu. "Wewe ndiye uko chini ya ulinzi. Askari wa wanyamapori, Zambia."

Wakatazamana.

"Huku huna mamlaka," akasema Munira.

"Nina barua ya ushirikiano. Mliletewa tangu mwezi wa tatu."

"Haijafika."

"Ilisainiwa."

Munira akampigia simu mkuu wake, akasikiliza, akainamisha macho. Barua ilikuwepo. Ilikuwa imekaliwa na chupa ya chai mezani kwa mkuu. Wiki tatu nzima serikali mbili zilikuwa zikitegana zenyewe kwa zenyewe.

Meshack ndiye aliyeanza kucheka. Munira akafuata, wakacheka mpaka wakakaa chini juu ya magunia.

Romani akacheka kuwashinda. Roho ilikuwa imemrudia: muuzaji si muuzaji, mnunuzi si mnunuzi, basi biashara haikuwepo, na pasipo biashara dalali anatoka wapi? Akawapa pole ya kazi, akawakaribisha chai, akachukua kufuli afunge stoo.

"Kaka Romani," Munira akamwita kwa upole, "hebu tupe mkono."

Akajua wanamuaga. Kwa adabu akanyoosha yote miwili. Tanzania ikafunga wa kushoto, Zambia ikafunga wa kulia.