Mifupa ya Mzee Chakari

Hebu niambie, wewe ungetafuna mfupa mkavu kwa ufizi mtupu? Bosi Nguruwe aliona inawezekana kabisa. Mbwa wake, Mzee Chakari, alimlindia boma miaka kumi na miwili, mpaka meno yakaisha na magoti yakakaza.

"Bosi, naomba uji wa dagaa tu, na dawa ya magoti."

"Mzee, budget hakuna. Halafu siku hizi umekuwa mvivu, by the way!" alijibu Nguruwe, mdomo umejaa mayai.

Akamwita mbwa kijana, Tindo, kwenye interview. Tindo alikuwa na nguvu, njaa na vyeti vitatu, ila hakuuliza mshahara.

"Huyu mzee anakula nini?"

"Mifupa."

"Kwa meno yapi?"

Nguruwe akakohoa. Tindo akakunja vyeti vyake. "Kazi naitaka, bosi, lakini uzee wangu nimeshauona hapo." Akaondoka, na Chakari akamfuata akichechemea.

Chui, aliyesikia yote nje ya ua, akapiga hodi kwa adabu. "Shikamoo, bosi. Nasikia hapa hakuna mlinzi?"

Nyinyi wenye maboma, acheni porojo! Wapikieni mbwa wenu wazee chakula laini, muwapeleke kwa daktari wa mifugo. Leo!