Ungo Mtupu

Kampuni ya uji wa pakiti ilimtaka Bi Sikitu kwa sura yake na ungo wake. Meneja mwenye shati jeupe alimfuata mpaka uani, akaja na mpiga picha.

"Mama, shika ungo hivi, kisha utabasamu. Picha itakaa mbele ya pakiti."

Bi Sikitu akachota ulezi aliouvuna juzi, ulezi uliokuzwa kwa samadi ya mbuzi na jasho lake. Meneja akamzuia.

"Hapana, mama. Ungo mtupu unatosha. Ulezi utatutimulia vumbi."

"Sasa huu ulezi mtaununua lini?"

"Hatununui. Uji wetu una ladha ya ulezi tayari. Tunatia na sukari, watoto wanaupenda, nasi tunapata faida. Wewe tutakulipa hela ya picha."

Bi Sikitu aliitazama pakiti ya uji aliyoishika meneja. Ndiyo iliyowafanya wateja wake wa sokoni wampite kama hawamjui.

"Haya, pigeni."

Akaujaza ungo pomoni, akatega upepo, akaanza kupepeta kwa nguvu zake zote. Hakuna mwanamke mtaani asiyejua pa kusimama ungo unapopepetwa, lakini meneja hakujua. Makapi yakamvaa usoni, yakatapakaa kwenye shati na kwenye kamera.

"Mama, basi! Tumeshindwana!"

"Tulishindwana pale uliposema ungo mtupu," akajibu, mikono haijasimama.

Nje ya ua, jirani yake aliyekuwa akimpelekea mjukuu pakiti ya uji alisimama, akausikiliza ule ungo.