Mateka wa Chumba cha Uani

Bakirani alishindwa na joka katika mchezo wa dadu wa mezani. Tangu serikali ipitishe sheria mpya ya mchezo huo, mchezaji akishindwa hafi: anakuwa mateka nyumbani kwake, na mwenzi wake wa ndoa ndiye anayemshikilia, mpaka kikosi chake kimkomboe mchezoni.

Basi Salhina akamfunga mumewe mnyororo chumba cha uani, na kila asubuhi, kama sheria ilivyotaka, akawa anarusha dadu. Ikitua tatu, mijeledi mitatu. Ikitua sita, sita. Kamera ya serikali iliyofungwa ukutani haikuridhika mpaka ione damu.

Siku ya kwanza alipiga huku analia. "Nisamehe, baba Nargis." Lakini mkono nao huzoea. Asubuhi moja akakumbuka lile kofi alilozabwa na mumewe arusini kwa dada yake, mbele za watu. Dadu ilikuwa imetua mbili. Akapiga tano, mgongo ukachanika. Bakirani hakulia. Alihesabu kwa sauti, moja hadi tano, akigeuza shingo kumtazama mkewe usoni.

Ndipo akaja Tindwa, kiongozi wa kikosi, anacheka. "Shemeji, mfungue mtu wetu! Ngome tumeiteka, amekombolewa!"

Salhina akafungua kufuli. Bakirani akaoga, akala wali hadi ukoko. Kisha akauchukua mjeledi, akaupaka mafuta taratibu mpaka ukang'aa, akautundika mahali pake.

"Mke wangu," akasema kwa upole, "nimeshamwomba Tindwa, kesho nawe utakaa mezani. Utatangulia mbele, kule kwenye joka."