Arobaini Isiyo na Moto

"Zima moto, mama, king'ora kitalia!"

"Arobaini ya baba yako nilishe watu mkate wa dukani?"

Mchopa, mpima gesi, akakitazama king'ora cha moto ukutani. Yeye ndiye aliyeigundua gesi chini ya ua wao, ile ya juujuu ambayo wachimbaji wa zamani waliipita wakikimbilia ya chini kabisa. Na sheria haina huruma: nyumba iliyokaa juu ya gesi haiwashi jiko lolote mpaka gesi iishe. Imebaki miaka kumi na tisa. Watu wa mjini wanapikia gesi hiyo, wenye ua wanakula baridi.

"Tukapikie kwa jirani, kwa Bi Somoe," akasema, kachoka.

"Kwake si umepima jana mwenyewe, ukaikuta gesi?"

Mama akamwagia kuni maji, akajitwika sufuria ya mchele mbichi, akageuka, akashika njia ya kijiji cha pili, ambako Mchopa hajafika kupima.