Finjani Isiyotikiswa

Bibi alisimama na dele la kahawa mbele ya Lamya, mjukuu wake, akingoja aitikise finjani. Kwetu Nizwa, huku Omani, ukiitikisa, umesema basi, umetosheka. Na Lamya, mbele ya wageni, huitikisa hata kabla hajamiminiwa.

Alizaliwa na mdomo wa sungura. Ulishonwa angali mchanga, lakini lilibaki pengo dogo chini ya kovu, na kahawa ilipenya hapo ikamchirizikia kidevuni.

"Mdomo kakupa Mungu, ya nini kuujaza?" Bibi alimuuliza mwezi uliopita, daktari alipomdunga dawa mbili za kujazia: nzito kando ya kovu ili ishike umbo, laini katikati ili mdomo ubaki mwepesi.

Leo, wageni wakiwapo, Lamya hakuitikisa. Bibi akammiminia, shingo upande.

Ukingo wa finjani ukakaa mdomoni bila ya mwanya. Lamya akanywa mpaka tone la mwisho, akapitisha kidole kidevuni. Kukavu.

Akainyoosha tena finjani, mkono umetulia tuli.

Bibi akakitazama kidevu, akautazama na mkono. Kisha akageukia jikoni.

"Hebu tieni kahawa nyengine motoni! Dele hili leo halitutoshi."