Rejeta ya Tatra

Jovina aliinua boneti la lori la baba yake, akaingiza mkono mahali ambapo rejeta ingekaa.

Lori hilo, Tatra la Wacheki, mzee alilinunua mnadani likiwa halitembei, akalihifadhi kwa mdogo wake, hapo ng'ambo ya ua. Siku alipolirudisha kwake na kufungua boneti, hakuona rejeta. Tangu hapo mzee humwita ndugu yake "yule mwizi", na hawasalimiani.

Leo Jovina, fundi wa malori ya Fuso, alitaka kupima nafasi ya rejeta nyingine. Alipapasa. Hapakuwa na tundu la bolti wala pa kuchomekea mpira wa maji. Vidole vikagusa silinda iliyozungukwa na vyuma vyembamba, vimebanana kama kurasa za kitabu. Mbele yake kulikuwa na feni kubwa.

Akautoa mkono taratibu.

"Baba, injini hii inapozwa na upepo, si maji. Hawa Wacheki waliiunda hivi. Haijawahi kuwa na rejeta."

Mzee alikuwa ameketi juu ya tairi, koti limefungwa mpaka shingoni kwa baridi ya asubuhi ya hapo Izia. Aliutazama ua.

"Hivi," akasema, "baba yako mdogo atakuwa ameshaamka?"