Tairodi ya Kushoto

Jirani mshona viatu anasema usukani ulimng'okea mkunga mkononi kama mfuniko wa sufuria, akabaki ameushika huku gari likijiendea lenyewe hadi mtaroni. Anasema aliona kwa macho yake mawili, ingawa kibanda chake kinatazama ukuta. Kila aliyempelekea kiatu siku ile alirudi na kiatu pamoja na habari: gari lilinyooshwa na binti wa fundi, yule aliyeishia darasa la saba, anayepima magurudumu kwa uzi.

Usukani haukung'oka. Gari lilivuta kushoto tangu linatoka gereji, mkunga akashindana nalo mpaka kwenye kona yenye kokoto, na hapo likamshinda. Alivunjika kifundo cha mkono. Mkono wa mkunga.

Sasa gari lilikuwa limevutwa na kurudishwa gereji, pua imekunjamana, na binti wa fundi amesimama mbele yake ndani ya ovaroli mpya. Baba yake alimnunulia ovaroli ile wiki iliyopita kwa ajili ya safari. Mwenye mabasi wa mji wa mbali, shemeji yake mkunga, alikuwa amesema akiona gari la shemeji yake limenyooka, binti aje Jumatatu aanze kazi, chumba kipo. Asubuhi hii alipiga simu. Kama kosa si la binti, athibitishe kabla ya Jumatatu. Kama ni lake, asijisumbue kupanda basi.

Tangu mama afariki walikuwa wawili tu, gereji mbele, nyumba nyuma. Macho ya baba yalipoanza kufifia, kazi za chini ya gari zikawa za binti, na baba hakuona haya kumwambia kila mteja kwamba mikono ya mtoto huyu ina macho. Watu walimtania: huyu akienda, mzee, utabaki na nani? Naye alicheka, akajibu kwamba ataoa kigoli.

Tangu habari ya ajali ifike, baba hakutia kitu kinywani. Alimtaja mtu mmoja tu, Kompyuta. Huyo ni fundi wa ng'ambo ya barabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya mashine yake ya kupimia magurudumu, yenye kioo, ambayo huifunika shuka kama mgonjwa. Baba alisema siku ile gari lilipokwisha kunyooshwa, binti akiwa anaoga, Kompyuta alikuja kuazima jeki. Yeye baba aliingia ndani kutafuta funguo za stoo, akakawia kidogo. Hakumfikiria vibaya. Jirani ni jirani.

Binti alikuwa ameliendesha gari lile mwenyewe kabla ya kwenda kuoga. Aliachia usukani kwenye barabara iliyonyooka, nalo likaenda kama limechorewa mstari.

Kompyuta alivuka barabara, mikono mfukoni, akaitazama pua ya gari kwa muda mrefu.

"Uzi ni wa kushonea, dada," alisema, akarudi kwake.

Baba alitaka kumfuata. Binti akamshika mkono, akamwomba angoje. Kisha akatandika gunia, akachukua tochi na spana, akajisukuma chini ya gari. Tangu ajali hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameingia huko.

Kila anaponyoosha magurudumu, binti huhesabu meno ya skrubu yanayobaki nje kwenye tairodi, kile chuma kinachounganisha usukani na gurudumu, kulia na kushoto, kwa sababu kila jino ni mzunguko mmoja. Gari la mkunga alikuwa ameliacha kumi na moja kwa kumi na moja. Akahesabu kulia: kumi na moja. Akahesabu kushoto, akarudia kwa ukucha, jino kwa jino. Kumi na nne. Na nati ilikuwa imekazwa vizuri, haikulegea yenyewe.

Alilala pale kidogo, akipumua. Basi si yeye. Jumatatu ilikuwa bado yake.

Alipotoka alikuta baba amesimama palepale alipomwacha.

"Baba, imezungushwa. Ya kushoto."

Baba alikaa juu ya tairi kuukuu. Akamlaani Kompyuta, akailaani mashine yake na shuka lake. Halafu sauti ikapoa. Alisema mwenye mabasi asipoamini, si mwisho wa dunia. Gereji ipo, nyumba ipo, na walichokuwa wakila wataendelea kukila, wawili kama zamani. Na mkunga mkono utaunga, hakuna aliyetaka aumie.

"Mizunguko mitatu," alisema, akitikisa kichwa. "Mtu wa roho gani anazungusha tairodi ya mkunga mizunguko mitatu?"

Binti alikuwa amesimama, spana mkononi, akiyarudia kichwani maneno aliyokuwa amemwambia baba yake, moja moja, akitafuta namba ndani yake.

"Lete hiyo spana, mama," baba alisema, akinyoosha mkono. "Tairodi nitairudisha mwenyewe."

Mkono ule ulibaki hewani.